Mnaopeleka watu Providence Canyon acheni uongo, kuta zile ni mchanga siyo mwamba!

Wakuu,

Hii biashara ya kuuza Providence Canyon, yale makorongo ya hifadhi ya jimbo la Georgia, Marekani, kama "Grand Canyon ndogo ya Georgia" imezidi. Joto likianza tu, waandaaji wa matembezi ya Waswahili wa Atlanta wanarusha picha za kuta nyekundu, wanachangisha hela, halafu watu wanashushwa kule nje ya Lumpkin wakiwa na raba nyeupe na kandambili, chupa moja ya maji familia nzima. Mtu akiteleza, utasikia "Wamarekani nao wameshindwa hata kuweka ngazi".

Na hela zenyewe! Gari dogo linalipia maegesho ya siku, basi. Sasa hicho "kiingilio" mnachotoza kila kichwa, watoto wakiwemo, kinakwenda wapi?

Tuje kwenye linaloniudhi zaidi: kupanda kuta. Providence haikuchongwa na mto kama Grand Canyon yenyewe ya Arizona. Lile ni shamba lililoharibika. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 walowezi walifyeka msitu, wakalima pamba kwa kushuka na mteremko badala ya kuukinga, na kufikia 1850 mitaro ilishakuwa na kina cha mita moja hadi moja na nusu. Leo kuna sehemu inakaribia mita 45. Mtu wa Kondoa hapa hahitaji kuelezwa, maana mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu ya makorongo ya namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo hakuna jiwe pale. Nyekundu na chungwa ni chuma, nyeupe ni kaolini (udongo mweupe laini), zambarau ni madini ya manganizi, na vyote vimo kwenye mchanga usioshikana. Hata ukucha tu unaukwangua, ukamiminika kiganjani. Halafu mtu mzima anachukua funguo anachonga "Juma + Neema" ili apige selfi! Mvua inayofuata inaingia kwenye ile herufi, inaifanya mfereji, na kipande kinameguka. Kuta zile bado zinaliwa kwenda pembeni kila mwaka hata bila msaada wenu.

Juu ukingoni ndiyo hatari kubwa zaidi. Tabaka la juu limeshikwa na mizizi ya misonobari, lakini mchanga wa chini yake unakuwa umeshatoka. Ukisimama unaona majani na udongo mzuri tu, kumbe miguu iko juu ya shimo. Ndiyo maana uzio umewekwa nyuma ya ukingo. Anayeuruka ili picha "itoke vizuri" asisingizie kwamba hakuonywa.

Chini nako hakuna anayewaambia ukweli. Maji yanachuruzika juu ya sakafu ya korongo karibu mwaka mzima, membamba, ya kulowesha soli, na chini yake kuna mchanga na udongo mweupe unaoteleza kama sabuni. Vaeni viatu vilivyofungwa vyenye soli ya meno, ambavyo hamtavililia vikiharibika. Bebeni soksi za akiba na mfuko wa kutia viatu kabla ya kurudi garini, maana ule udongo mwekundu ukiingia kwenye zulia la gari umehamia.

Njia ya kufuata ni yenye alama nyeupe kwenye miti: mzunguko wa kilomita 4, unakupitisha kwenye makorongo namba 1 hadi 9. Namba 4 na 5 ndiyo yenye mandhari ya maana, kwa hiyo msimalize nguvu na betri ya simu kwenye yale mengine. Kushuka ni rahisi, kupanda ndiko kunakoua watu pumzi, tena saa nane mchana mwezi wa saba. Ingieni asubuhi, lita mbili za maji kwa kila mtu mzima.

Alama nyekundu ni habari nyingine: kilomita 11, sehemu kubwa msitu mtupu, ni ya watembezi wazoefu na wanaolala porini kwa kibali. Kiongozi wa msafara asiyejua tofauti ya rangi hizi mbili anaongoza nini?

Yale magari ya miaka ya 1950 yaliyooza njiani yameachwa kwa sababu kuyaondoa kungeharibu miti. Siyo jukwaa, bati lile linakata. Na yale maua mekundu ya Julai na Agosti, plumleaf azalea, kwa asili yanaota eneo dogo tu la mpaka wa Georgia na Alabama. Acheni kuyachuma muweke nyuma ya sikio.

Kama una povu, toa. Ila wewe unayetangaza safari sasa hivi, anza kwa kuandika hapa umewaambia watu wavae viatu gani, na hiyo hela ya kiingilio umeipigia hesabu ipi.