Mrejesho: kazi za BITS zilizogoma kufutika

Swali lilikuwa hili: kompyuta za saiba hapa Langoni, Lamu, zala bando kimyakimya kwa BITS, huduma ya Windows ya kupakua faili chinichini; kila upakuaji ulio kwenye foleni yake huitwa kazi. Shukrani nyote, foleni sasa ni tupu.

Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike `bitsadmin /list /allusers` uone kazi zote. Kazi moja hufutwa kwa `bitsadmin /cancel` ikifuatwa na kitambulisho chake kirefu, mabano yake yakiwemo. Jina pia lafaa, ila zikiwa mbili za jina moja amri hugoma. Kwenye PowerShell kizungushie alama za nukuu, la sivyo mabano husomwa kama msimbo.

Zikiwa nyingi, `bitsadmin /reset /allusers`. Kitimtim kilikuwa hapo: kazi za SYSTEM (akaunti ya Windows yenyewe) haziguswi, hata na msimamizi. Basi SYSTEM mwenyewe atoe amri, kupitia `schtasks`, kiratibu cha Windows (unda, endesha, kisha futa):

`schtasks /create /tn futabits /tr "bitsadmin /reset /allusers" /sc once /st 23:50 /ru SYSTEM`
`schtasks /run /tn futabits`
`schtasks /delete /tn futabits /f`

Angalieni: kazi iliyoandikwa TRANSFERRED imeshapakuliwa, ila haijawa faili hadi uikamilishe kwa `bitsadmin /complete`. Ukiifuta, bando lake limekwenda na maji.