Kikundi: WATU WA CHOMBO (Nungwi)

Jumatatu

Mize: Assalaam alaykum jamaa. Makame kanipigia, chombo kipo Tanga. Wanapakua leo na kesho, wakijaaliwa Alkhamisi wapo hapa. Watu saba wanarudi nchi kavu na chombo kinapanda kwa matengenezo. Leo mwezi 9 kwa hesabu ya mwandamo. Bamvua letu, maji makubwa ya kupandishia chombo, ni mwezi 15 na 16, mwisho 17. Maji yanajaa saa kumi na kitu jioni. Tukikosa hapo, mpaka mwandamo wa mwezi. Naomba kila mtu ajibu.

Mize: Alama za buluu naziona.

Rahma: Waalaykum salaam shangazi. Bibi nimemsomea, anasema kasikia.

Mize: Haya, vitu vyenyewe. Magogo ya mnazi 12, tunayo 9, matatu mchwa kayala. Magadi 8 ya kuegemezea, manne kila ubavu. Kamba nene mbili, kila moja pima 30. Pamba ya kalafati, ya kuziba nafasi za mbao, kilo 8. Shahamu (mafuta ya mnyama) ndoo 2, chokaa magunia 2, sifa (mafuta ya papa) madumu 2. Misumari ya zinki inchi 6, kilo 10.

Ami Haji: Inchi 6 utaipiga wapi? Ubao wetu inchi moja na nusu, taruma linaloushika kwa ndani inchi nne. Ya 6 inatokeza ndani na kulipasua taruma. Nunua inchi 5, kilo 12. Na ununue pamba ndefu, usiniletee ya mito.

Mize: Sawa ami. Inchi 5.

Khatibu (Muscat): 😂😂 pamba ya mito! Nani alileta ile ya mito?

Kazija: Tusianze.

Khatibu (Muscat): Mimi nacheka tu.

Mize: Khatibu, kamba mbili, unachangia au unacheka?

Jumanne

Mize: Nimekwenda nyumba ya uani. Tangi la lita 1000 lina matope chini, bomba la jikoni linavuja, chumba cha mwisho kimejaa vyandarua na nyavu za dago. Watu saba watalala wapi? Kazija, nyavu ni zenu.

Kazija: Nyavu atazitoa mwenye nyavu. Mimi nina harusi ya Zuhura mwezi 10 Mfunguo Tano (Safar), sina mikono. Na hapo hapo niseme, mwaka huu chombo kikae juu mwezi mzima. Kusi lenyewe linavuma, safari hakuna. Wajomba zake wawepo wote harusini.

Rahma: 🥰

Mize: Mwezi mzima HAPANA. Kikipanda mwezi 15 kinashuka mwandamo. Siku 14 za kazi.

Kazija: Kwa nini siku 14? Nani kaandika?

Ami Haji: Bahari ndiyo imeandika. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwandamo na mwezi mpevu. Katikati ni maji mafu, hayafiki magogo yalipo. Kwa hiyo ama siku 14 ama siku 29, hakuna 20 wala 22. Na siku 29 za jua na upepo wa kusi, mbao zinanywea. Ukiweka kalafati kwenye mbao zilizonywea unapata tabu mbili. Ukiikaza sana, mbao zikirudi majini zinavimba, pamba haina pa kwenda, inasukuma ubao utoke kwenye taruma. Ukiilegeza, maji yanaingia siku ya kwanza.

Kazija: Si kinafunikwa makuti, ami?

Ami Haji: Makuti juu, magunia mabichi kwenye mbavu, maji ya chumvi yamwagwe ndani asubuhi na jioni. Maji ya mvua yasisimame ndani hata siku moja, yanaozesha. Nani atamwaga maji siku 29? Mwaka ule aliachiwa nani kazi hiyo?

Mize: Asitajwe mtu.

Khatibu (Muscat): Ule mwaka wa unga 🙈

Kazija: Khatibu!

Mize: Magunia 60 ya unga wa watu yaliloa. Nani alilipa? Marehemu baba alilipa. Hilo tu nasema.

Ame: Dada nimeona. Mtandao hapa unakatika. Harusi yangu ilikuwa siku 5 tu, wiki zilizobaki hazikuwa zangu peke yangu.

Mize: Sikukutaja.

Ame: Ujumbe huu umefutwa

Jumatano

Mize: Jamani tusipoteze siku. Ami, tupangie kazi.

Ami Haji: Farumi itoke yote kabla hakijaguswa na kamba, mawe na mchanga mpaka ngama, chini kabisa ya tumbo, ionekane. Uzito ukibaki tumboni, chombo kikipanda gogo la kwanza kinakaa juu ya tumbo, mbao za chini zinafunguka. Tanga na foromali, mti wake, zishuke. Mlingoti ubaki. Watu 30 kwenye kamba, wanne wa kupokea magogo ya nyuma na kuyarudisha mbele, mmoja tu wa kutoa sauti. Kikisimama, magadi yakazwe pande zote mbili kwa zamu, moja huku moja kule. Ukimaliza upande mmoja kwanza kinalala.

Ami Haji: Siku 1 na 2 kukwangua majani na chaza kabla havijakauka. Siku ya 3 kupiga moto. Makuti makavu, moto upite chini ya tumbo upesi, ubao upate joto usiungue, mdudu afie kwenye tundu lake. Siku ya 4 nagonga kila ubao kwa nyundo. Unaolia mzito umeoza ndani. Tuangalie sana ubao wa kwanza kando ya mkuku, uti wa chini wa chombo, kulia, ndio uliotuingizia maji mwaka jana. Ukibadilishwa, tunatoboa kwanza kwa keekee, tundu jembamba kuliko msumari, na chini ya kichwa cha msumari tunazungusha uzi wa pamba uliolowa mafuta. Siku 6 za kalafati. Shahamu na chokaa mwisho kabisa.

Rahma: Babu, chokaa kiasi gani kwa shahamu?

Ami Haji: Kwa macho, mjukuu wangu. Shahamu iyeyuke kwa moto mdogo, chokaa iliyochekechwa inatiwa kidogo kidogo mpaka iwe uji mzito. Inapakwa kwa mkono ikiwa na uvuguvugu, chini ya mstari wa maji tu. Juu ni sifa.

Khatibu (Muscat): Sifa madumu mawili na harusi nyumba hiyo hiyo. Biharusi atanukia papa 😂😂

Rahma: 😂😂😂

Kazija: Sifa isiingie kwangu. Nasema mapema.

Khatibu (Muscat): Udi nitaleta mimi.

Mize: Na moto tutaupiga wapi? Pale pa zamani sasa pana miavuli ya wageni. Makuti yakiwaka na upepo wa kusi, cheche zinakwenda kwao. Nani ataonana na sheha?

Mize: Nani ataonana na sheha?

Mize: Jamani.

Alkhamisi

Rahma: Bibi kaniambia niandike hivi hivi bila kupunguza. "Chombo kitashuka mwandamo. Baba yenu hakukiacha kikauke hata mwaka aliokuwa kitandani. Kikishuka kitakwenda Mkokotoni, kitie nanga kwenye kivuli cha kisiwa cha Tumbatu, mbao zivimbe. Wawili watalala ndani wakifua maji kuyamwaga nje usiku na mchana mpaka kitulie. Waliobaki wote wakae harusini. Na mmoja wa hao wawili awe Ame."

Mize: Tumesikia Bi Mkubwa.

Ami Haji: Ndiyo.

Kazija: Shikamoo mama. Nimesikia.

Makame: Shikamoo Bi Mkubwa. Tumetia nanga, alhamdulillah. Farumi tunaanza kuitoa kesho maji yakitoka. Mashine nimeifungua, naisukuma maji baridi yatoe chumvi. Tangi la dizeli nalijaza, likikaa nusu linatoka jasho ndani. Betri nimetoa.

Mize: Karibuni nyumbani. Ame amesoma ya Bibi?

Makame: Yupo pwani, anaanika tanga. Lina unyevu, likikunjwa hivi litaota ukungu.

Mize: Amesema nini?

Makame: Anaanika tanga, dada.

Mize: Na wa pili ni nani? Makame huwezi kuwa wewe, fundi atakutaka.

Ami Haji: Magogo matatu nimepata kwa jirani, mapya, bado mabichi. Yawekwe chini kabisa kwenye mchanga laini, makavu yawe juu. Jumapili saa tisa alasiri kila mtu awe pwani, tusisubiri saa kumi.

Mize: Jumapili saa tisa. Sheha bado. Kamba ya pili bado. Wa pili wa kulala chomboni bado. Tangi nitasafisha mimi kesho asubuhi. Kazija, nyavu.

Khatibu (Muscat): Nimetoka kazini sasa hivi. Pesa ya kamba nimtumie nani, Mize au Makame?