Tupeane uzoefu: ndege yuleyule, mwanga tofauti, rangi tofauti

Msitu wa Amani
Wadau, jana kulizuka ubishi mkali baada ya mwenzetu kuonyesha picha ya kwezi maridadi aliyetua chini ya mwembe, mgongo mweusi tii, na baadhi ya watu wakashikilia kwamba huyo ni ndege wa jamii nyingine kabisa. Aliyewahi kumwona kwezi akidokoa makombo juani anajua kwamba mgongo wake ni wa buluu inayoelekea kijani. Buluu ile haikupakwa. Chembe za melanini, rangi nyeusi ya asili ya mwilini, zimejipanga kwa tabaka nyembamba ndani ya unyoya, nazo huurudisha mwanga wa buluu kwa pembe fulani tu, kwa hiyo jua likikaa nyuma ya ndege kinachobaki machoni ni weusi wa melanini yenyewe. Tumbo lake la hudhurungi halina tabia hiyo, ndiyo maana lilitoka sawasawa katika picha ileile. Naomba tupeane uzoefu: wewe mwanga umekutenda nini?

Binti wa Voi
Umenikumbusha machungu. Nilimpiga picha yangeyange akiruka chini chini juu ya udongo wa Tsavo wakati jua lilikuwa utosini, na wenyeji wa huku mnajua udongo ule ulivyo mwekundu, hata tembo wetu wameiva rangi hiyo kwa kuoga vumbi lake. Mwanga uligonga ardhi, ukapanda, ukampaka ndege mweupe rangi ya chungwa kuanzia tumboni hadi chini ya mabawa, huku mgongo wake ukibaki mweupe kama theluji ya Kilimanjaro. Niliipenda mno picha ile. Mhariri wa jarida moja aliirudisha akiniambia kwamba nimempaka ndege rangi kwa kompyuta na kwamba yeye hafanyi kazi na watu wadanganyifu. Nilimtumia faili ghafi, yaani picha kama kamera ilivyoinasa kabla haijachakatwa, sikujibiwa. Kilichoniuma si fedha, bali ni kuitwa mwongo kwa jambo ambalo mtu yeyote angelithibitisha kwa kusimama Tsavo saa sita mchana na kitambaa cheupe mkononi.

Kidimu
Pole sana, dada. Yalinikuta hayohayo.

Babu Lenzi
Wanangu, tatizo ni kwamba jicho hujirekebisha lenyewe, ilhali kamera huandika kilichopo. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini, namba ikiwa kubwa mwanga ni wa buluu zaidi, ikiwa ndogo ni wa manjano: jua la mchana hukadiriwa kuwa 5500 hivi, kivulini chini ya anga ya buluu hupita 7000, na balbu ya zamani haifiki 3000. Msituni pana balaa jingine, kwani mwanga umechujwa na majani, hivyo ndege mweupe hutoka na ukijani. Pigeni faili ghafi, halafu pigeni picha moja ya kadi ya kijivu pale pale alipokuwa ndege, ili nyumbani mrekebishe rangi kwa kufuata kijivu hicho.

Kijana wa Nakuru
Shikamoo, babu, lakini sikubaliani nawe. Ukisharekebisha rangi nyumbani umeshaiacha kweli. Mimi naacha picha kama ilivyotoka kwenye kamera.

Mama Shorobo
Kijana, kamera yako nayo imeshakuchagulia rangi kabla hujaigusa, sasa huo ukweli wako umeutoa wapi? Huko kwenu flamingo wachanga ni wa kijivu, kwa sababu uwaridi wao huja polepole kutokana na chakula, lakini jua likielekea kuzama wote wanaonekana waridi. Utamwambia msomaji kwamba hao ni ndege wazima? Shorobo wangu ananipa raha kwa sababu wekundu wa mabawa yake ni rangi halisi yenye shaba ndani yake, kwa hiyo hata kukiwa na mawingu akifungua bawa utauona tu.

Kijana wa Nakuru
Mama, hilo la wachanga nalikubali. La kamera bado.

Mkaa Naivasha
Ngojeni niwasimulie. Nilikuwa nimelala kifudifudi ukingoni mwa ziwa kabla ya mapambazuko, nikimvizia mdiria mdogo mwenye kishungi aliyezoea tete moja, kwa maana nilitaka jua la kwanza limgonge kifuani. Nilisahau kwamba saa ya mwanga mzuri ndiyo saa ya viboko kurudi majini baada ya kula majani usiku kucha. Nilisikia pumzi nyuma yangu. Kiboko alikuja moja kwa moja, nami nilikuwa katikati ya njia yake, nikabiringika pembeni kuingia kwenye mafunjo, naye akapita akiikanyaga miguu ya kamera na kuivunja vipande vipande. Maji yaliruka, kisha kimya.

Kidimu
Mungu wangu! Ulikuwa peke yako?

Binti wa Voi
Kaka, usirudi tena pale bila mwenyeji.

Fundi Saa Tano
Ndiyo maana mimi huamka saa tano na kutumia flashi. Viboko wamelala, nami nimelala.

Mama Shorobo
Flashi karibu na kiota, hapana! Isitoshe, huchoma mmeremeto wa ndege aitwaye chozi hadi koo lake la kijani linabaki doa jeupe.

Babu Lenzi
Flashi ndogo ya kujazia kivuli haina ubaya, ndege akiwa mbali na kiota.

Msitu wa Amani
Turudi kwenye rangi. Ndugu wa Naivasha, mdiria ulimpata?

Mkaa Naivasha
Nilimpata kabla ya kiboko. Katika picha za mwanzo jua lilikuwa nyuma yake, na mgongo ulitoka kijivu kilichofifia. Alipohamia tete la upande wa pili mwanga ukamwangukia usoni, na buluu ikajitokeza yote, hadi mistari ya kishungi ikahesabika.

Msitu wa Amani
Basi ziweke zote mbili hapa, na uandike jua lilikuwa upande gani. Kwa picha ya kwezi, mwenye nayo atazame utepe mweupe ulio kati ya kifua na tumbo: ukiwa na ubuluu au ukijani, arekebishe kwa huo kwanza, ndipo tujadili mgongo.