Nataka kufuga mbwa hapa Mwanza: majukumu na gharama zake halisi ni zipi?

Mkazi wa Buhongwa:
Wakuu, heshima kwenu. Tuko Buhongwa, uzio wa tofali umekamilika na geti limefungwa. Watoto wawili, wa miaka 6 na 9, hawanipi pumzi, wanataka mbwa. Mama yao anataka kitu cha kubweka usiku. Jirani ana watoto wa mbwa wa wiki 5, chotara, anagawa bure. Naomba kujua: nimchukue sasa au nisubiri? Chanjo zipi, na lini? Atakula nini bila kunitoboa mfuko, maana dagaa huku si shida? Na je, ni kweli kwamba mbwa afungwe mnyororo mchana ili awe mkali usiku? Wale wa "mbwa ni mbwa tu, mwache ale makombo", naomba mpite kimya kimya.

Sindano na Koolboksi:
Mkuu, wiki 5 bado. Mwache kwa mama yake hadi atimize wiki 8. Wiki hizo tatu si za maziwa tu. Hapo ndipo anapojifunza kutouma kwa nguvu: akimng'ata mwenzake sana, mwenzake analia na mchezo unaisha. Ukimtoa mapema, hilo somo atalifanyia kwenye vidole vya mwanao wa miaka 6.

Mbwa wa bure ana bili iliyochelewa tu. Miezi minne ya kwanza ndiyo inayokula hela, baada ya hapo gharama inatulia. Ratiba ni hii.

Minyoo inaanza kabla ya chanjo. Watoto wa mbwa huzaliwa na minyoo kutoka tumboni mwa mama au huipata kwenye maziwa, kwa hiyo dawa huanza wakiwa na wiki 2, inarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi wiki 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6, halafu kila miezi 3 maisha yote. Dozi ni kwa uzito. Kama huna mizani ya kumpima, panda ya watu ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Usikadirie kwa macho.

Chanjo ya mchanganyiko inayokinga magonjwa ya virusi ya parvo na distempa: ya kwanza kati ya wiki 6 na 8, irudiwe kila baada ya wiki 3 hadi 4 mpaka atimize wiki 16. Watu wengi wanachoma moja wanaridhika. Tatizo ni kwamba kinga aliyonyonya kwa mama huiua chanjo, na hakuna anayejua kwa mbwa wako itaisha wiki ya ngapi. Ndiyo maana inarudiwa. Kichaa cha mbwa huchanjwa akiwa na miezi 3, kisha baada ya mwaka, na kuendelea kama kadi itakavyoandikwa.

Chanjo hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Kabla hajachomwa, omba uone inatoka wapi. Ikitoka kwenye friji au koolboksi yenye barafu, sawa. Ikitoka kwenye mfuko wa koti la mtu aliyepanda daladala kutoka Igoma, hayo ni maji ya gharama kubwa. Stika ya chupa ibandikwe kwenye kadi, tarehe na sahihi ziwepo. Mtafute afisa mifugo wa kata; kampeni za chanjo ya kichaa mara nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Kabla ratiba haijaisha asitoke nje ya geti, na usimtembelee mtu mwenye mbwa anayeharisha kisha ukaingia nyumbani na viatu vile vile. Kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Dalili: anakataa chakula, anatapika, halafu anaharisha damu yenye harufu ambayo ukishaikuta mara moja huisahau. Kinachomuua ni kuishiwa maji, na siku mbili zinatosha. Antibayotiki ya kuku haiui kirusi. Anahitaji dripu, siku ile ile.

Chanja ya Kirumba:
Mimi nitajibu la chakula, maana hapo kwenye "dagaa si shida" ndipo watu wanapokosea.

Kwa mbwa mzima wa kilo 20 asiyefanya kazi nzito, siku nzima: unga gramu 200, dagaa wakavu gramu 100, mafuta ya kula kijiko kimoja kikubwa, na mboga ya majani au kipande cha boga ukiwa nacho. Gawa mara mbili. Kwa mwezi ni unga kilo 6, dagaa kilo 3, mafuta kama nusu lita. Zidisha mwenyewe kwa bei ya sokoni leo. Mtoto wa mbwa anahitaji protini zaidi, kwa hiyo dagaa na unga viwe nusu kwa nusu kwa uzito, milo 4 kwa siku hadi miezi 3, milo 3 hadi miezi 6, kisha 2. Dagaa anapikwa mzima na mifupa yake, hivyo kalisi ipo ya kutosha. Usiongeze unga wa mifupa wa kulishia kuku juu yake.

Sasa mchanga. Dagaa wa bei ya chini ni wale walioanikwa chini ufukweni. Ukiwatia sufuriani moja kwa moja, mbwa anakula mchanga kila siku: meno yanalika, na kinyesi kinakuwa kigumu kama saruji. Waloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, wakoroge kwa mkono, kisha wachote kutoka juu. Usiwamimine kwa kuinamisha beseni, maana mchanga uliotua unarudi pamoja nao. Rudia mara 3, au mpaka ukipitisha kidole chini ya beseni usisikie kitu. Waliokaushwa juu ya chanja bei imepanda kidogo ila kazi hii inapungua. Waliotiwa chumvi au kukaangwa, mwachie binadamu.

Mapanki ya sangara, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, watu wanayapenda kwa sababu ni rahisi. Mfupa wa sangara ni mnene na una ncha, unakwama kooni. Ukitaka kuyatumia, chemsha hadi nyama iachie, chambua, mifupa tupa mbali ambako hataifukua. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo ni hivyo hivyo, inapasuka kama mianzi.

Na unga: usinunue mahindi yaliyoota ukungu eti "ya mbwa". Sumukuvu inamuua mbwa haraka kuliko inavyomdhuru binadamu. Anaacha kula, ufizi na weupe wa macho vinageuka njano, anatapika, ini limekwisha. Upikaji hauiondoi sumu hiyo. Mabaki ya pilau nayo acheni, vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu yake, hata vilivyoiva.

Saa Kumi na Mbili:
Hilo la mnyororo ni uongo wa zamani, na ni uongo wenye hasara.

Mbwa aliyefungwa mchana kutwa habagui. Anambwekea mwizi, mgeni, mwanao, upepo na kenge anayepita kwenye mawe, kwa sauti ile ile. Baada ya wiki mbili wewe mwenyewe hutoki kitandani ukimsikia. Anayeishi na watu ndiye anayejua nani wa kwenu, na akibweka tofauti unajua kuna jambo. Faida ya ulinzi iko hapo, kwenye tofauti ya sauti, si kwenye meno. Mkali asiyebagua akimuuma mtoto wa jirani, matibabu na kesi ni vyako. Na tangu 2008 tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, kumtesa mnyama ni kosa.

Kati ya wiki 8 na 14 mwonyeshe watu wa aina zote: mwenye kofia, mwenye mwavuli, mama aliyebeba beseni kichwani, bodaboda, mtu anayetembea na fimbo. Aliyekosa kuwaona hao utotoni huwaogopa ukubwani, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma. Kwa kuwa chanjo bado, mbebe mkononi. Asiwekwe chini.

Kibanda: mita 1.2 kwa 0.9, kimo 0.9, sakafu ya mbao iliyoinuliwa sentimita 15 ili maji ya masika yapite chini. Mlango usielekee upande mvua inakotokea. Bati tupu bila kivuli cha mti ni tanuri. Matembezi ni kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Kwenye mawe yetu haya, weka kiganja juu ya jiwe, ukishindwa kuvumilia kwa sekunde 7, nyayo zake nazo zitaungua.

Watoto wako wapewe kazi inayoonekana: wa miaka 9 abadilishe maji asubuhi na jioni, wa miaka 6 aoshe bakuli. Kuokota kinyesi ni kwa mtu mzima, kila siku, kwa koleo, kwenda shimo la choo. Mayai ya minyoo mingi kwenye kinyesi huhitaji siku kadhaa hadi wiki 2 kabla hayajaweza kuambukiza, kwa hiyo anayeokota kila siku anakuwa amewahi. Na hakuna mtoto kumsogelea mbwa anapokula.

Paka wa Igogo:
Kwa wapangaji wanaosoma hapa: kama chumba ni kimoja na baba mwenye nyumba hataki kusikia habari ya mbwa, paka anatosha. Panya watapungua, na kwa nyumba nyingi za Waislamu paka hana utata. Ila kumbukeni mambo manne. Paka naye huchanjwa kichaa. Msiweke sumu ya panya nyumba yenye paka, atakula panya mwenye sumu. Na Panadol usimpe kabisa, hata robo, inamuua. Dawa ya kupe ya mbwa nayo msimpake.

Mkazi wa Buhongwa:
Wakuu, mmenisaidia sana. Basi nasubiri wiki 3. Nimebakiwa na mawili. Kupe huku ni wengi, na jirani anaogesha wake ziwani Jumapili, anasema maji ya ziwa yanatosha. Pili, ni jike. Nifanyeje akifika umri?

Sindano na Koolboksi:
Ziwani usimpeleke. Maji hayaui kupe, na anayeingia ndani hadi magotini kumsugua mbwa ndiye anayerudi na kichocho, hasa penye majani na konokono. Mamba nao wapo. Halafu kuna vipindi maji ya pembeni yanakuwa ya kijani kizito kama rangi iliyomwagwa. Mbwa akiyanywa, au akiramba manyoya yaliyolowa, anaweza kufa ndani ya saa chache.

Mwogeshe nyumbani. Kwa dawa ya kupe yenye kiambato cha amitrazi asilimia 12.5, ni mililita 2 kwa kila lita 1 ya maji. Ndoo ya lita 5, mililita 10, pima kwa sirinji. Si kwa kifuniko, vifuniko vinatofautiana. Soma lebo kwanza, kama asilimia si hiyo, kipimo nacho si hiki. Vaa glavu, funika macho yake kwa mkono, lowesha hadi kati ya vidole, ndani ya masikio kwa kitambaa, chini ya mkia. Usimsuuze. Akauke kivulini, na asijirambe kabla hajakauka. Chini ya miezi 4 usitumie. Ng'oa kupe kwa kibano, karibu na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja. Ivomeki ya ng'ombe, ile sindano ya minyoo na kupe, usimchome kwa kukadiria, kipimo cha ng'ombe kwa mbwa wa kilo 4 ni maziko.

Ukiona wanarudi kila wiki, tatizo ni kibanda. Kupe wa mbwa hupanda ukutani kutaga kwenye nyufa, na jike mmoja hutaga maelfu. Ziba nyufa kwa saruji, nyunyizia mbao na ukuta hadi kimo cha mita moja, choma matandiko ya zamani. Ufizi ukiwa mweupe, au akikojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi, huenda ni homa ya kupe. Hiyo ni damu kupimwa, msibahatishe.

Jike hupata joto, yaani kipindi cha kutaka dume, mara ya kwanza kati ya miezi 6 na 12, takribani wiki 3, na hurudi kama kila miezi 6. Mimba ni siku 63 hivi. Mfunge kizazi akiwa na miezi 6, au miezi 2 hadi 3 baada ya joto kupita. Usifanye akiwa kwenye joto, mishipa imejaa damu. Usipomfunga, madume wa mtaa wataruka huo uzio, na wanaleta uvimbe wa zinaa unaotoa damu sehemu za siri. Unatibika kwa sindano ya kila wiki kwa wiki kadhaa, ila gharama yake inazidi ya kumfunga.

Saa Kumi na Mbili:
Ongezea la kuumwa, mkuu, hapo juu hatukuligusa.

Sindano na Koolboksi:
Kweli. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata wenu mwenye kadi: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msipake mafuta ya taa wala pilipili. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, hakuna dawa. Na mbwa huyo msimuue kama mnaweza kumfungia salama; akiwa hai na mzima baada ya siku 10, siku ile aliyouma hakuwa na kirusi kwenye mate, na daktari atajua kama azisimamishe sindano zilizobaki.