Naomba ushauri: maharagi ya jana inanichachia kila mara

Jambo bamama na bapapa, naomba munisaidie. Niko Bukavu, tuko bantu saba mu nyumba, furigo hatuna. Mi naendaka soko ya Kadutu jioni, kama saa kumi na moja hivi, juu saa ile bamama banashusha bei, tomati yenye imelainika banakupa rundo nzima kwa bei ya nusu, lengalenga (muchicha) yenye imenyauka kidogo vilevile, na sambaza, ile samaki ndogo-ndogo, yenye ilivunjika-vunjika (utamu ni ile ile kabisa). Tomati yenye kuvu natupa, ingine natokotesha na kitunguu na chumvi mpaka maji inaisha, mpaka kesho yake iko muzuri.

Shida ni maharagi. Naloweka usiku muzima, napika mingi mara moja juu ya kuchunga makala (makaa) isiishe, lakini ile inabakia, asubuhi nafunua sufuria naona povu nyeupe juu na harufu ya kuchacha, namwaga. Juzi nilimwaga karibu nusu sufuria, mutoto mudogo amesimama pale ananiangalia, iliniuma sana.

Sasa niichemshe tena mbele ya kulala na nisifunue mpaka asubuhi? Ao chumvi na vitunguu nitie tu kwa ile ya kula leo, ingine ibakie kavu?

Na bugali ya jana munafanyaka nayo nini? Mi nakata vipande nakaanga na mawese, batoto banapenda, lakini mafuta nayo iko bei. Wenye munapikaka bila furigo, munijibu tafazali.