Darasa la kusoma kwa akina mama wa usharika: tuanze na Kinyakyusa au Kiswahili?

Mama Katibu, Rungwe

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni katibu wa idara ya wanawake katika usharika mmoja wa kijijini wilayani Rungwe, na ninaomba ushauri wa wale waliowahi kusimamia masomo ya watu wazima makanisani. Tunao akina mama wengi, hasa wajane na wale walioozwa wakiwa wadogo, ambao hawakupata nafasi ya shule au waliishia darasa la pili. Nyimbo wanazijua kwa moyo na zaburi kadhaa wanazisema bila kukosea, lakini kitabu cha nyimbo wanakishika tu mkononi. Wakiuza kahawa wanaweka dole gumba kwenye karatasi wasiyojua imeandikwa nini, na fedha zikiingia kwenye simu inawabidi wamtajie mjukuu namba ya siri ili awasaidie kuzitoa.

Baraza la wazee limekubali tufungue darasa baada ya mahindi kuvunwa, ila limegawanyika kuhusu lugha. Wazee kadhaa wanasema kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa, ya zahanati na ya ofisi ya kijiji, kwa hiyo kumfundisha mama kusoma Kinyakyusa ni kumpotezea muda. Wengine, nami nikiwamo, tunaona kwamba mama wa miaka sitini ambaye Kiswahili anakisikia mnadani tu atakuwa anajifunza herufi na lugha kwa wakati mmoja, na wengi watakata tamaa mapema. Je, wenzetu mlianzaje, na mlivukaje kwenda kwenye Kiswahili?

Mwalimu wa kujitolea, Mwakaleli

Shikamoo, Mama Katibu. Kwa mazingira unayoyaeleza, anzeni na Kinyakyusa bila wasiwasi. Mtu hujifunza kusoma mara moja tu maishani. Akishaelewa kwamba alama iliyoandikwa inasimama badala ya sauti aliyoizoea kinywani, uelewa huo anauhamishia kwenye lugha yoyote anayoifahamu.

Sisi tunaanza na maneno ambayo mama anayasema kila siku. Neno Kyala, yaani Mungu, kwa mfano, limo katika kila ukurasa wa kitabu cha nyimbo. Tunaliandika ubaoni kwa herufi kubwa, tunalisoma pamoja, kisha tunalikata: kya, la. Silabi la tunaibakiza peke yake na kuibadilisha irabu, la, le, li, lo, lu, na kila silabi mpya inatafutiwa neno la nyumbani. Baada ya hapo kila mmoja anafungua kitabu chake na kulitafuta Kyala kwa kidole. Bibi mmoja alilipata mara nne katika ubeti ambao ameuimba tangu utoto wake, akarudi juu ya ukurasa akaanza kulitafuta upya, na hakutaka tuendelee na somo mpaka alipohakikisha kwamba hakuna la tano.

Kuhusu herufi, jambo moja linahitaji uangalifu. Kinyakyusa kina irabu saba, Kiswahili kina tano, na katika tahajia ya siku hizi zile mbili za ziada huandikwa ɨ na ʉ, huku irabu ndefu ikiandikwa mara mbili. Wataalamu wa SIL International, shirika linaloshughulikia uandishi wa lugha za jamii, waliofanya kazi Mbeya pamoja na makanisa ya huku wameshughulikia tahajia za lugha nyingi za nyanda hizi, zikiwemo Kinyakyusa, Kindali, Kinyiha, Kisafwa, Kimalila na Kibena. Lugha yetu iliandikwa mapema sana, kwa kuwa wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na hivyo mnaweza kukuta vitabu vya zamani vyenye maandishi tofauti na vya sasa. Linganisheni kitabu chenu cha nyimbo na kitabu cha kujifunzia kabla ya siku ya kwanza. Kama vinatofautiana, msivichanganye mpaka wanafunzi wawe wamesimama imara.

Kuvuka kwenda Kiswahili si kazi kubwa kama wazee wanavyohofia. Mama anayesoma Kinyakyusa tayari ana irabu zote tano za Kiswahili na konsonanti nyingi, kwa hiyo kinachobaki ni kumwongezea r, z, sh, dh, th, gh na chache nyingine. Sisi huziingiza kupitia vitu anavyokutana navyo: kadi ya kliniki, risiti, ujumbe wa simu, jina la mtahiniwa kwenye barua ya shule ya mjukuu. Hesabu, hata hivyo, tunazifundisha kwa Kiswahili tangu mwanzo, kwa sababu bei zote wanazitaja kwa Kiswahili.

Mama wa Ubaruku, Mbarali

Ninamheshimu mwalimu, lakini ushauri wake usichukuliwe kuwa wa kila mahali. Huku Usangu mashamba ya mpunga yametukusanya kutoka kila upande. Katika jumuiya yetu moja wamo Wasangu, Wahehe, Wabena, Wasafwa, Wanyakyusa na Wasukuma, na ibada zetu ni za Kiswahili. Tukifundisha kwa Kisangu, mama wa Kisukuma ambaye tayari anajiona mgeni ataelewa kwamba darasa si lake, na huyo ndiye ambaye hakuwahi kabisa kuingia shuleni. Tunafundisha kwa Kiswahili, na karibu na wale wasiokifahamu vizuri tunamketisha mwenzao wa lugha moja ambaye anawaeleza taratibu. Mama Katibu, kwanza ujue ni lugha gani akina mama wako wanaizungumza wao kwa wao wakiwa mtoni, ndipo uamue.

Afisa elimu ya watu wazima mstaafu, Njombe

Wazee wa baraza wasilaumiwe, kwa maana wengi wao wamelelewa na kampeni ambayo ilifanikiwa kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wasiojua kusoma, ambao mwaka 1967 walikuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima, walishuka hadi karibu asilimia 10 kufikia mwaka 1986. Hata hivyo, kulikuwa na jambo lililotuumiza sana sisi tuliokuwa kazini. Watu walifaulu mtihani wa kisomo, wakapewa cheti, kisha wakakaa miaka bila kupata karatasi yoyote ya kusoma, na mwishowe wakarudi kwenye dole gumba. Waliorudi nyuma haraka zaidi walikuwa wanawake wa vijiji vya mbali. Kanisa lina jambo ambalo serikali hatukuwa nalo, yaani maandishi yanayofunguliwa kila wiki mbele ya watu wale wale. Mpeni mama aliyehitimu zamu ya kusoma somo la Jumapili.

Kuhusu hofu ya kukiuka sera, wazee waelezwe kwamba Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inahimiza lugha za jamii zihifadhiwe, ziandikwe na maandiko yake yachapishwe.

Muuguzi, Ileje

Kabla ya lugha, pimeni macho. Mtu akishavuka miaka arobaini na kitu, herufi ndogo za karibu huanza kufifia, na mama ambaye hajawahi kusoma hawezi kutambua kwamba tatizo ni macho. Atasema kichwa chake ni kizito. Miwani ya kusomea inatosha kwa wengi wao. Wenye ukungu machoni wapelekwe hospitali. Pia msifundishie usiku kwa koroboi.

Mwinjilisti, Makete

Naomba niongeze kuhusu watakaokuja. Darasa likitangazwa madhabahuni na kufanyikia ndani ya kanisa, mama aliyeolewa mke wa pili, ambaye kwa taratibu zetu nyingi hashiriki Meza ya Bwana, hataingia, na binti aliyezalia nyumbani atapita mbali. Hawa ndio waliosukumwa pembeni kuliko wote. Sisi tulihamishia darasa chini ya mti karibu na mashine ya kusaga, tukawatuma akina mama wenzao wawaalike nyumba kwa nyumba, na tukasema wazi kwamba mtu wa dhehebu lolote au asiye na dhehebu anakaribishwa. Lugha ya nyumbani ilitusaidia sana hapo, kwa kuwa hakuna aliyeona aibu kuuliza swali.

Mama Katibu, Rungwe

Ndaga fijo, asanteni sana, ndugu zangu. Akina mama wetu huzungumza Kinyakyusa wao kwa wao, isipokuwa familia chache za wahamiaji wanaochuma chai, na hao nitaomba wawekewe kundi lao la Kiswahili. Nitalipelekea baraza pendekezo la kuanza na Kinyakyusa, hesabu kwa Kiswahili, na herufi za nyongeza baada ya kitabu cha kwanza kumalizika. Suala la mahali pa darasa litaleta mjadala mkali, nami nitalisimamia. Mwalimu wa Mwakaleli, tunao dada wawili waliomaliza kidato cha nne ambao wamejitolea kufundisha. Je, mnaweza kuwapokea waketi darasani kwenu kwa wiki moja kabla hatujaanza? Nauli na chakula chao idara itagharamia.