Naombeni ushauri: utafiti wangu wa tamthilia za mama mkwe umekwama, nibadilishe nadharia?

BintiPangani (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nasoma uzamili wa mawasiliano ya umma, chuo nakihifadhi. Mada yangu ni namna wanawake wa mtaani wanavyozipokea tamthilia za kifamilia kutoka nje zilizoingizwa sauti za Kiswahili, hasa zile ambazo kisa chote kinamzunguka mama mkwe na mke wa mwanawe. Nimeanza na ile ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, iliyorushwa TBC mwaka 2011, ambayo Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Kisha nakuja hadi hizi za Kituruki za sasa.

Nadharia yangu ni ya Stuart Hall ya mwaka 1973. Watengenezaji wa kipindi wanasimba maana, yaani wanaiweka ndani ya kipindi, na mtazamaji anaisimbua, yaani anaifasiri, akiwa kwenye nafasi moja kati ya tatu: anaikubali kama ilivyoletwa, anajadiliana nayo, au anaipinga. Sura ya nne nimeshaiandika na kauli za watazamaji ninazo. Msimamizi kairudisha, na pembeni kaandika swali moja tu: "Hizi kauli umezipataje?"

Mimi nahisi shida ni nadharia. Je, nihamie ile ya matumizi na utoshelevu ya akina Katz na Blumler? Muda umenibana na usingizi sina. Naombeni mawazo.

Kipanga86
Nimekaa hapa nasubiri wajuzi. Ila hizo za Kituruki, zikianza tu nyumbani kwangu, hata maji ya kuoga hupewi. Mama mkwe wa kwenye televisheni anaheshimiwa kuliko mwenye nyumba.

MzeeWaChamwino
Mwanangu, ngoja nikupe yangu. Radio Tanzania walipoanza mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993, sisi wa Dodoma hatukuupata. Saa yake ikifika, mtambo wa huku ulikuwa unarusha kipindi kingine. Shemeji yangu akija kutoka Morogoro anasimulia habari za Mkwaju, yule dereva wa lori, na vituko vyake njiani, na mkewe Tunu anavyoteseka, mimi nabaki namtolea macho. Mpaka 1995 ndipo na sisi tukaingizwa. Miaka mingi baadaye kijana wangu aliyesoma akanieleza kwamba ilipangwa. Watafiti walituacha nje ili wawalinganishe waliosikia na wasiosikia, kwenye mambo ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Mtindo wenyewe ulitoka Mexico kwa bwana mmoja, Miguel Sabido, aliyeutumia kwenye tamthilia za televisheni miaka ya 1970. Mchukue Sabido huyo. Jamii itafaidika.

DadaMkavu
Shikamoo Mzee. Kisa kizuri, lakini mchezo ule ulitungwa kufundisha, na wenyewe walijua wanataka msikilizaji aondoke na nini. Binti anashughulika na tamthilia zilizotungwa kuuzwa. Huko mtazamaji anaachiwa nafasi kubwa zaidi, na ndiyo maana Hall anafaa.

BintiPangani, usihame. Matumizi na utoshelevu itakuuliza mtazamaji anafuata nini kwenye kipindi, ila swali la msimamizi litabaki palepale. David Morley alipoijaribu nadharia ya Hall kwa kipindi cha Nationwide cha BBC, utafiti uliotoka 1980, alivionyesha kipindi vikundi 29: mameneja wa benki, wanafunzi, vijana wa ufundi, viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Kisha akawasikiliza wakizungumza. Ukisoma unajua nani kasema, na kasema akiwa na nani. Wewe kauli zako ni za mahojiano au za vikundi?

BintiPangani
Asante dada. Ni kikundi. Wanawake wa mtaa mmoja, wanatazama sehemu ya siku hiyo halafu wanazungumza. Kauli ni zao wenyewe neno kwa neno. Ndiyo maana nasema data haina tatizo, nadharia ndiyo inanisumbua.

AbuNasra_Kilifi
Dada zangu, mimi nasema ukweli ingawa unauma. Tamthilia hizi zinavunja nyumba. Mwanamke anatazama fitina kila jioni, kesho yake anamwangalia mama wa mumewe kwa jicho jingine. Utafiti wako useme hivyo, basi. Huhitaji Mzungu kukueleza.

Mwl_Nyakato
Abu Nasra, heshima yako. Hall hakuwa Mzungu, ni Mjamaika mzaliwa wa Kingston aliyefanyia kazi Birmingham. Na hilo unalolisema lina mwenyewe: George Gerbner, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Alidai wanaotazama televisheni kwa wingi huiona dunia ya kutisha kuliko ilivyo. Lakini hata yeye alizungumzia mazoea ya miaka na televisheni kwa ujumla wake. Sehemu moja ya jioni kuvunja ndoa asubuhi, hapana. Mimi nimetazama tamthilia na mama mkwe wangu Bukoba mpaka Mungu alipomchukua, na kwenye sebule ile ndiko tulikojifunza kuongea. Yale ambayo hangeweza kuniambia usoni, alimwambia mke wa kwenye televisheni, nami nikasikia.

AbuNasra_Kilifi
Mungu amrehemu. Nimekuelewa mwalimu, ingawa kwetu nimeona kinyume chake.

DadaMkavu
Mwl. Nyakato, hapo umegusa moyo wa mada. Binti, narudi kwako. "Wanazungumza" wapi? Ulikuwepo? Wanajua unawarekodi?

BintiPangani
Nipo kwenye kundi lao.

DadaMkavu
Kundi la WhatsApp?

BintiPangani
Ndiyo, la WhatsApp. Sehemu ikiisha wanatuma jumbe za sauti, nami nimezinukuu. Niliongezwa na mama mkwe wangu, yeye ndiye admini, na ndiye anayeongea kuliko wote. Karibu nusu ya kauli za sura ya nne ni zake. Hawajui kuhusu utafiti.

Kabla hamjanirukia naomba mnisikilize. Majina yote nimebadilisha. Mtaa sijautaja. Kama ningewaambia mapema, wangeanza kuongea kama wako mbele ya mkutano, na ningekosa kile ambacho Hall anakitafuta, mtu akisimbua kwa uhuru wake. Nimeshawapanga vizuri, nafasi zote tatu zimepata watu wake. Kubomoa sura nzima kwa sababu ya jambo la fomu si haki.

Kipanga86
Dah. Kumbe mama mkwe yumo kwenye tamthilia na kwenye sura ya nne.

Mwl_Nyakato
Mwanangu, mama wa mumeo amekuingiza kwenye baraza lake kwa mapenzi. Majina hata ukiyabadilisha mara ngapi, siku ya kazi kusomwa yeye atajijua kwa maneno yake. Na mumeo je, anajua?

BintiPangani
Mume anajua nasoma. Undani hajui. Mwalimu, mimi simsemi vibaya mama. Nimemweka nafasi ya kukubali, ambayo haina ubaya wowote.

TumbiliWaMikindani
Jamani, mnamwaga ushauri kwenye chai. Soma tena alichoandika. Wanawake wa mtaa mzima wanaongea hovyo hovyo kwenye simu, halafu wamejipanga wenyewe, hawa wanakubali, hawa wanajadiliana, hawa wanapinga, hakuna hata mmoja aliyebaki nje? Nimewahi kunukuu jumbe za sauti za vikoba kwa ajili ya kesi ya mwenyekiti. Nusu ni "subiri mtoto analia", nusu ni bei ya vitunguu. Data inayokaa sawa namna hii imetungwa. Ama sura ya nne katunga, ama uzi wote katunga. Leta kauli moja tu isiyoingia kwenye nadharia yako, ndipo nikuamini.

Kipanga86
Tumbili ana hoja aisee. Na mimi nilijiuliza, msimamizi kauliza kauli zimepatikanaje, binti anajibu kwa kutaka kubadili nadharia.

BintiPangani
Sijatunga, na inaniuma kuambiwa hivyo. Mnataka zisizoingia? Ninazo nyingi, niliziacha kwa sababu sikuwa na pa kuziweka.

Kuna mama anakaanga mandazi ya asubuhi usiku ule ule, hata kioo hakitazami, anasikiliza sauti tu kutoka chumba cha pili. Yeye anawajua wahusika wote kwa sauti, na akichanganya sauti za wale waigizaji wa Kiswahili anawapa watu ndoa zisizo zao. Kisa anachosimulia yeye ni kingine kabisa, na wenzake hawamsahihishi, wanamfuata. Kuna mwingine haongei kitu juu ya kisa, anauliza mapazia ya yule tajiri yanapatikana Kariakoo duka gani. Na kuna binti mdogo aliandika kwamba wazee wa Kituruki wanakula bila kumkaribisha mgeni, akasema hao siyo watu, na tangu siku hiyo hatazami tena.

Na mama mkwe wangu. Kwenye sura nimesema anakubali. Ukweli ni kwamba tamthilia imemfanya mama mkwe yule kuwa mbaya, na muziki unabadilika akiingia tu. Lakini mama anamshangilia. Anasema yule mama amezaa kwa uchungu, na nyumba ile aliijenga yeye. Kisha wiki ile mke akiomba radhi, mama alilia, akasema mke naye ni mtoto wa mtu. Niambieni hiyo ni nafasi ya ngapi.

TumbiliWaMikindani
Hapo sawa. Yule wa mandazi hatungiki. Nimebaki na shaka ya sura ya nne tu.

Mwl_Nyakato
Huyo wa mandazi ndiye angekuwa utafiti mzima.

DadaMkavu
Binti, umeona ulivyokuwa umeificha kazi yako nzuri kuliko yote? Sasa naomba unisome polepole.

Hall alikuwa akifikiria zaidi habari na vipindi vya matukio, ambako kipindi kinataka ukubali jambo fulani kuhusu nchi. Tamthilia ya kifamilia ni utanzu wenye kanuni zake, na mtazamaji anazijua kabla ya sehemu ya kwanza: mama mkwe mbaya ataumbuka, mke mvumilivu atalipwa. Mama yako mkwe anazijua. Anaposhangilia upande utakaoshindwa, hakosei kusoma. Anaukubali utanzu na anaikataa hukumu yake, kwa pumzi moja. Jedwali la nafasi tatu halimwezi, na hiyo si kasoro ya kuificha, hayo ndiyo matokeo. Morley mwenyewe alikuta watu wasiokaa kwenye nafasi, wakiwemo vijana weusi wa chuoni ambao kipindi kile hakikuwahusu kabisa, wakanyamaza. Binti wako aliyeacha kutazama yuko karibu na hao.

Watafiti Tamar Liebes na Elihu Katz walifanya hivi kwa Dallas, ile tamthilia ya Kimarekani ya familia ya matajiri wa mafuta, kitabu kikatoka 1990. Waliwakusanya watu sebuleni, Waarabu na Wayahudi wa Morocco na wahamiaji wa Urusi huko Israel, na Wamarekani wa Los Angeles. Kwenye sehemu moja Sue Ellen, mmoja wa wake wa familia ile, anachukua mtoto na kukimbilia kwa mpenzi wake wa zamani, kwa baba wa huyo mpenzi. Kikundi kimoja cha Waarabu kikaelewa kwamba amerudi kwa baba yake mzazi. Ndiko mke aliyeonewa anakokwenda kwa desturi yao, kwa hiyo ndiko alikokwenda. Huyo ni mama mandazi wako, na wao hawakumtupa.

Na tamthilia yako imesimbwa mara mbili. Mchina aliandika kwa ajili ya wakwe wa Beijing, halafu mtafsiri wa Kiswahili akachagua mke amwite mkwewe vipi na kwa sauti gani. Sura ya nne haina hata aya moja juu ya hilo?

BintiPangani
Haina. Nilidhani tafsiri ni mambo ya isimu.

Nimekuelewa kuhusu jedwali. Lakini bado nasema, nikiwaambia sasa hivi, uhuru wa maongezi umekwisha.

DadaMkavu
Mtafiti Ien Ang alipofanya utafiti wake wa watazamaji wa Dallas huko Uholanzi, aliweka tangazo dogo kwenye jarida la wanawake liitwalo Viva. Alisema anapenda kuitazama, watu wanamshangaa, na anaomba wasomaji wamwandikie kwa nini wanaipenda au wanaichukia. Na kwenye tangazo hilo hilo alitaja kwamba majibu atayatumia kwenye kazi yake ya chuo. Akapata barua 42. Waliomwandikia walijua, na bado wakaandika mambo ya ndani kabisa, pamoja na aibu ya kupenda kitu ambacho wasomi wanakidharau. Kujua hakukuwafunga mdomo. Kuulizwa kwa heshima kuliwafungua.

Zile jumbe za sauti ulizokwisha kunukuu, usizitumie hata moja bila mwenyewe kuridhia. Atakayekataa anatoka, hata kama ni mama yako mkwe. Mweleze msimamizi kabla hujagusa sura, akupe utaratibu wa chuo.

MzeeWaChamwino
Msikilize dada. Sisi wa Dodoma hatukuulizwa, na mpaka leo natamani mtu angekuja kutuambia tu.

BintiPangani
Nimeandika ujumbe wa kundi, naomba muutazame: "Mama zangu na dada zangu, shikamooni. Mimi nasoma chuo na kazi yangu ni kuhusu tamthilia hizi na namna tunavyozizungumza. Yale mliyosema humu nimeyasikiliza na baadhi nimeyaandika. Naomba ruhusa ya kila mmoja, na asiyetaka aniambie pembeni, nitayafuta na sitauliza sababu." Niutume leo sehemu ikiisha?

Mwl_Nyakato
Usianze na kundi. Mama mkwe haambiwi jambo kama hili kwenye simu pamoja na majirani. Nenda nyumbani kwake, umsalimie, umweleze mwenyewe kwanza. Kundi ni lake, atajua la kuwaambia wenzake.

AbuNasra_Kilifi
Hapo tumekubaliana mwalimu. Na mumeo asisikie kwa watu.

BintiPangani
Basi kesho nakwenda, mume nitamwambia usiku huu. Msimamizi namwandikia Jumatatu. Jedwali sijui kama nitalifuta lote, ile safu ya wanaojadiliana bado naiona ina kazi.

TumbiliWaMikindani
Mrejesho tunausubiri. Na mama mandazi akiridhia, usimfupishe.